Ndege Arobaini na Mmoja

Jumatano jioni mjomba alipiga pasi shati lake mwenyewe, na hapo ndipo nyumba nzima ilipojua kuna jambo.

Nyumba nzima maana yake ni wanawake wawili: mkaza mjomba, aliyekuwa jikoni akichambua mboga, na mpwa wao, msichana wa miaka thelathini na moja ambaye watu wote walimwita Daftari. Jina hilo alipewa kazini, huko kwenye hifadhi ya wanyama kando ya mto, kwa sababu hakuna kitu kilichopita mbele ya macho yake asikiandike. Mche ukiota, anaandika. Mche ukifa, anaandika, na sababu yake. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kutunza kitalu cha miti inayopandwa kingoni ili mto usile ardhi, lakini kila Alhamisi asubuhi alikuwa na kazi nyingine, na hiyo ndiyo aliyoipenda mpaka ikamharibia usingizi.

"Kuna msiba?" mkaza mjomba aliuliza, kichwa chake kikichungulia mlangoni.

"Hakuna msiba. Kesho nakwenda kazini."

"Kazini! Wewe? Kazi gani hiyo iliyokosa watu?"

"Hifadhi wameniita. Mkuu wao mwenyewe, yule mama wa miwani." Mjomba aligeuza kola, akaikandamiza kwa pasi kama anayemkandamiza mtu. "Nakwenda kuhesabu ndege."

Daftari alikuwa ameshika glasi ya kunywea maji. Aliiweka mezani taratibu sana, kama glasi iliyojaa mpaka juu, ingawa ilikuwa tupu.

"Kuhesabu ndege, mjomba?"

"Kuhesabu ndege. Mbona umeshtuka? Nimeuishi mto huu miaka hamsini na nane. Hao ndege nawajua kabla hamjawapa namba. Na nimeambiwa kuna mlinzi mmoja huko ng'ambo ya mashariki, ndege arobaini na mmoja wamempotea wiki iliyopita. Arobaini na mmoja! Mtu mwenye macho mawili."

Mlinzi huyo mjomba hakumtaja kwa jina lolote la heshima. Nyumbani humo aliitwa Mla Nyavu.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Ndani ya hifadhi, nyuma ya matete, kulikuwa na bwawa ambalo samaki huingia kutaga, na kwa miezi mitatu ya kutaga hakuna anayeruhusiwa kutega humo. Mjomba alitega. Mlinzi, aliyekuwa mgeni wa miezi miwili tu, alimkuta, akamwamkia vizuri, shikamoo mzee, kisha akazikunja nyavu zote mbili na kwenda nazo stoo. Alimwandikia karatasi kwamba bwawa likifunguliwa aje atie saini azichukue. Bwawa lilikuwa limeshafunguliwa. Mjomba hakwenda. Kutia saini, alisema, ni kukiri, na yeye hakumbuki kukosa.

Sasa, huyo huyo Mla Nyavu, juma lililopita, alikuja mpaka kizingitini hapo, amechana nywele, akaomba kuongea na mzee juu ya binti. Mjomba hakumpa hata kigoda.

"Umechukua nyavu zangu," alimwambia, "leo umefuata na mtoto wa dada yangu. Kesho utataka nini, bati za nyumba?"

Akafunga mlango. Daftari alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia nyayo za yule mwanamume zikiondoka polepole, hatua moja, kisha kimya, kisha hatua nyingine, kama mtu anayehesabu kitu ambacho hataki kiishe.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi yake ndiyo ndege arobaini na mmoja walipotea.

*

Walipokuwa wakiosha vyombo, mkaza mjomba alimsogelea Daftari bega kwa bega. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, aliyejua kuuliza swali kama anayeuliza chumvi iko wapi.

"Hivi ndege arobaini na mmoja wanapoteaje, mwanangu?"

"Sijui, mkaza mjomba."

"Hujui au husemi?"

"Mimi nilipata mia mbili na kumi na wawili. Yeye akapata mia moja sabini na mmoja. Miezi saba hatujawahi kupishana zaidi ya watano."

"Na mnahesabu ndege wale wale?"

"Wale wale. Wanalala kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto. Mimi nakaa ng'ambo hii, yeye ng'ambo ile, jua likichomoza tunahesabu kabla hawajaruka. Hatuongei wala kupungiana mkono mpaka kila mmoja aandike yake na karatasi ziingie kwenye kopo la mkuu. Tukiambiana, mmoja atamfuata mwenzake, na hesabu itakuwa moja badala ya mbili."

"Miezi saba hamuongei!"

"Tunaongea baadaye, tukitoka ofisini. Njiani."

"Njia yenyewe ndefu?"

"Dakika kumi na mbili."

Mkaza mjomba alisuuza sahani moja mara tatu. "Mjomba wako alinichumbia kwa barua ya kurasa nne," alisema, "na sikuelewa hata mstari. Lakini dakika kumi na mbili kila Alhamisi, kwa miezi saba..." Alipiga hesabu kwa vidole vyenye povu, akakata tamaa katikati. "Ni nyingi. Wengine wameolewa kwa chache zaidi na wanajuta kwa nyingi."

Daftari alicheka, kisha akaweka kitambaa chini.

"Mkuu ameandika barua. Kesho akipishana na sisi kwa zaidi ya kumi, Jumatatu anahamishwa. Kituo cha juu, kule kwenye kinamasi. Siku mbili kwa miguu, simu haishiki. Atakaa huko miaka mitatu."

"Na anayempima ni mjomba wako."

"Mimi na mjomba."

"Basi Mungu amsaidie," alisema mkaza mjomba, "maana mjomba wako hajapiga pasi shati tangu siku ya harusi yetu, na siku ile pia alikuwa amedhamiria."

*

Asubuhi mto ulikuwa umetulia kama mtu aliyeamka lakini hajataka kusema. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na kisiwa cha mchanga kilionekana kwa vipande. Daftari aliingia kwenye kibanda chake cha matete, akakaa kwenye kigoda, akapanga vitu vyake juu ya mapaja: karatasi, penseli, na vifuniko viwili vya chupa ya maziwa. Kifuniko cha kulia kilikuwa na punje za mahindi. Kila akihesabu ndege kumi, punje moja inahama kwenda kushoto. Wenzake walimcheka kwa njia hiyo. Lakini mikono yake ilikuwa haijawahi kumdanganya.

Nyuma yake, miti aliyoipanda mwenyewe miaka minne iliyopita ilikuwa sasa inamfika kifuani, na mizizi yake imeshika ukingo barabara. Mdiria alikaa kwenye tawi, akatazama maji, akapiga mbizi, akarudi na kitu kinachometa. Mbali kwenye matete kitwitwi mmoja alikuwa akilalamika.

Jua lilichomoza. Ukungu ulikunjwa kama shuka. Wakaonekana: yangeyange weupe wamejikunyata, mnandi weusi wametandaza mabawa kukausha, korongo wamesimama mguu mmoja kama walioambiwa wasubiri, na mwari wanne wakubwa pembezoni, wamekaa kwa fahari ya watu waliokuja na mizigo.

Alianza. Kumi, punje. Ishirini, punje.

Lakini leo alihesabu kwa shida. Kila akifika nane, tisa, moyo ulikuwa unavuka mto kabla yake. Kule ng'ambo kulikuwa na watu wawili leo. Mmoja ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, yeye akiwa na miaka sita, aliyembeba mabegani kuvuka madimbwi aende shule na viatu vikavu. Na mwingine... Mwingine aliwahi kumwambia, katika zile dakika kumi na mbili, "Mimi sina maneno mengi, Daftari. Lakini yale machache niliyonayo nayaweka mpaka Alhamisi." Hilo tu. Na yeye, aliyeandika kila kitu, hakuliandika mahali popote, kwa kuwa aliona haya kuona maneno yake kwenye karatasi.

Mia moja na arobaini. Punje ya kumi na nne ilihamia kushoto.

Sasa ni lazima isemwe kweli. Kila Alhamisi, akimaliza kuhesabu, Daftari alikuwa na tabia ya kuinua darubini kidogo tu, juu ya vichwa vya ndege, mpaka ukingo wa pili. Muda wa kupumua mara tatu. Kumtazama mwanamume mmoja aliyevaa kofia ya kijani akiandika kwa kubana midomo. Kisha anaishusha, anaenda zake na uso wa mtu aliyesali. Hakuwahi kufanya hivyo kabla ya kumaliza. Hata mara moja.

Leo hakuweza kungoja. Nitatazama mara moja tu, alijiambia, nione kama yuko salama na mjomba.

Akainua darubini.

Mlinzi alikuwa amesimama kando, amewapa ndege kisogo, anaandika kwenye karatasi aliyoiegemeza mtini. Ameshamaliza, basi. Darubini yake, ile kubwa ya miguu mitatu, ilikuwa imebaki peke yake mbele ya kigoda. Na mjomba, ambaye alikuwa amekataa kuitumia akisema macho ya mvuvi hayahitaji chupa, alikuwa anaizunguka. Aliigusa kwa kidole. Akatazama huku na huku, kama mtu anayetaka kuonja mboga kabla ya wageni. Kisha akainama, akaweka jicho.

Hakuigeuza. Hakuisogeza hata kidogo. Aliitazamia pale pale mlinzi alipokuwa ameielekeza.

Na pale pale palikuwa kibandani kwa Daftari.

Mjomba na mpwa walitazamana, mto mzima katikati yao, karibu kama watu wanaogombea sahani moja. Daftari aliona mdomo wa mjomba ukifunguka. Aliona jicho jingine, lile lililofungwa, likifunguka pia. Kisha mjomba aliinua uso, akamtazama mlinzi mgongoni, akaitazama darubini, akainama tena kuhakikisha. Bado alikuwa yeye.

Daftari alishtuka mpaka akasimama.

Vifuniko viwili vilianguka kutoka mapajani, na punje zote, zilizohesabiwa na zisizohesabiwa, zikachanganyika mchangani kama watu waliotoka sokoni. Alipiga magoti. Kumi na nne? Au ile ya mwisho alikuwa bado hajaihamisha? Na alikuwa ameishia wapi, kwa mnandi, au ameshawapita? Aliinua uso ahesabu upya, na wakati huo huo kenge mmoja, mrefu kama benchi, alitoka majini kisiwani bila haraka yoyote.

Ndege wote waliruka. Weupe na weusi, walipanda pamoja kwa sauti ya nguo inayokung'utwa, wakazunguka mara moja, wakaenda kila kundi upande wake kutafuta riziki. Mwari ndio waliokuwa wa mwisho. Kisha kisiwa kikabaki mchanga mtupu, na kenge, na nyayo.

Daftari alikaa chini, karatasi mkononi.

Basi hivi ndivyo ndege arobaini na mmoja wanavyopotea.

*

Angeweza kuandika mia mbili na kumi. Nani angejua? Wiki iliyopita walikuwa mia mbili na kumi na wawili, na ndege hawa hawahami majira haya. Kama mlinzi amehesabu vizuri, atakuwa humo humo, ndani ya kumi, na atabaki. Namba moja tu. Mstari mmoja wa penseli, na Jumatatu haitakuwa na safari ya kinamasi.

Na akiandika kweli, hesabu yake haipo. Itabaki ya mlinzi na ya mjomba. Mjomba, aliyepiga pasi shati. Mjomba, ambaye ameona kwa jicho lake mwenyewe darubini ya serikali imeelekezwa kwa mtoto wa dada yake.

Aliweka ncha ya penseli kwenye karatasi. Aliandika "2". Ikamtazama.

Kwa miaka minne hakuwahi kuandika ndege ambaye hakumwona. Kwa hesabu zile ndiyo kisiwa kilifungwa watu wasikanyage mayai, na bwawa likafungwa miezi ya kutaga. Kwa hesabu zile ndiyo mjomba alinyang'anywa nyavu. Kama leo anaandika namba ya kubuni kumwokoa mtu anayempenda, basi mjomba alionewa, na wote walionewa, na yeye ndiye aliyewaonea.

Alifuta ile mbili. Akaandika maneno, kwa herufi za mtoto wa shule, kisha akakunja karatasi mara nne, na chozi likamdondoka, moja tu, akalifuta haraka kama aliyeingiwa na mdudu.

*

Mkuu wa hifadhi alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye ramani ya mto ukutani, feni isiyozunguka, na viti vinne ambavyo kimoja kilikuwa kibovu, na mgeni ndiye aliyekigundua kila mara. Leo alikigundua mjomba.

"Kaa hapo penye ubao, mzee, usiegemee," alisema mkuu. Akafungua kopo.

Mlinzi alisimama ukutani, kofia mkononi. Hakumtazama Daftari. Daftari naye hakumtazama, na namna wasivyotazamana ilijaza chumba.

Mkuu alikunjua karatasi ya kwanza. "Mlinzi. Mia mbili na wanane." Akaiweka mezani. Akakunjua ya pili, na hapo akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Alisoma kwa sauti ile ile ya kusomea ripoti za mbolea:

"'Sikumaliza. Niliacha kuhesabu nikamtazama mlinzi. Punje zikamwagika. Kosa ni langu.'"

Nje kuku wa jirani alikuwa akichakura.

"Daftari," alisema mkuu.

"Ndiyo, mkuu."

"Hii ni ripoti ya kazi?"

"Ndiyo, mkuu. Ndivyo ilivyokuwa."

Mlinzi alikuwa amemgeukia sasa, waziwazi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyebishiwa hodi na kitu alichokuwa amekata tamaa nacho. Kofia ilimponyoka. Hakuiokota.

"Na wewe," mkuu alimgeukia, "wiki iliyopita uliandika 'uzembe wangu binafsi'. Nilidhani ulisinzia."

"Sikusinzia, mkuu."

"Ulikuwa unafanya nini?"

Mlinzi alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na minane, aliyewahi kumtoa fisi maji kwenye mtego kwa mikono mitupu. "Ilikuwa siku mbili baada ya kukataliwa," alisema. "Nilidhani namtazama kwa mara ya mwisho. Nikachelewa kurudi kwa ndege."

"Haya." Mkuu alivuta pumzi puani. "Imebaki ya mzee."

Daftari alifumba macho. Alisikia karatasi ikikunjuliwa, mikunjo mingi. Mjomba alikuwa ameikunja kama dawa.

"'Mia mbili na sita,'" alisoma mkuu. Akaisogeza karatasi karibu na macho. "Kuna na maneno chini. 'Kijana naye aulizwe darubini yake hulala ikitazama wapi.'"

Wawili tu. Wamepishana ndege wawili. Daftari alifumbua macho, akamtazama mjomba wake, na mjomba alikuwa akiichunguza ramani ya ukutani kama aliyepotea humo.

"Mjomba..."

"Usiniite mjomba, tuko kazini."

"Mzee," alisema mkuu, na pembe ya mdomo wake ilikuwa inapigana na kitu, "wewe ulisema ungependa huyu aende kinamasini."

"Nilisema. Na bado nilitaka, mpaka saa moja asubuhi." Mjomba alijisahau, akaegemea, kiti kikalia, akarudi mbele. "Nitasema, maana tumeshaanza kuvuana nguo humu. Tulipokuwa kule, nilimnong'oneza. Nikamwambia, kijana, niambie umepata wangapi, niandike hao hao, utabaki. Nawe kesho uniachie nyavu zangu bila masaini yenu. Hakuna atakayejua. Anajua mimi ndiye niliyeshika maisha yake. Mnajua alinijibu nini?"

"Nini?" aliuliza mkuu.

"Hakunijibu! Aliweka kidole mdomoni, hivi, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Ati hairuhusiwi kuongea! Mimi! Umri wangu huu!" Mjomba alipiga goti lake. "Nilikasirika, nusura nimsukume mtoni. Nikasema ngoja nimhesabie kwa macho, nimkute na kosa. Sikulikuta. Nikasema basi niangalie hilo dude lake la miguu mitatu. Nikamkuta huyu," alimnyooshea Daftari kidole, "naye ananitazama mimi! Mia mbili na sita ndege wamekaa hapo kati, hawana anayewajali!"

Mlinzi aliinama. Mabega yake yalikuwa yanacheka kabla ya uso.

"Ulikuwa unamjaribu, mzee?" aliuliza mkuu.

"Nilikuwa namjaribu," alisema mjomba, haraka kidogo. Mkaza mjomba, alipokuja kusimuliwa, alisema hakuna cha kujaribu, alitaka nyavu zake. Lakini hakuwepo.

Mkuu alivua miwani. "Basi. Uhamisho umefutwa. Ila mtasikiliza hili. Watu wanaotazamana hawawezi kuhesabu pamoja. Kanuni inataka macho mawili yasiyojuana. Mmoja wenu atatoka kwenye hesabu."

"Mimi," mlinzi alisema kabla mkuu hajamaliza. "Mimi ndiye nitoke, mkuu. Nitabaki na doria yangu. Yeye anahesabu vizuri kuliko mimi, na amesema kweli iliyomgharimu. Mimi nilijificha kwenye neno 'uzembe'."

"Na ng'ambo ya mashariki akae nani?"

Hakuna aliyemtazama mjomba, na kwa hiyo wote walikuwa wanamtazama.

"Nina shughuli nyingi," alisema mjomba.

"Zipi?" aliuliza Daftari.

"Wewe mtoto." Akakuna kidevu. "Alhamisi tu?"

"Alhamisi tu, mzee. Asubuhi."

"Kigoda kile kifupi. Nitaleta changu."

Mkuu aliandika. Mlinzi alijikaza, akasogea hatua moja mbele ya mjomba, mikono nyuma. "Mzee, kuhusu zile nyavu. Bwawa lilishafunguliwa. Nimezianika kivulini panya wasizile. Ukitia saini leo, jioni nitakuletea mpaka nyumbani mwenyewe."

"Hapana," alisema mjomba.

Daftari alishika ukingo wa meza.

"Hapana, nitazifuata mwenyewe," mjomba aliendelea, akinyoosha mkono kuomba kalamu. "Siwezi kumbebesha mkwe wangu nyavu barabarani, watu wanatazama. Watasema nimemtoza."

Alitia saini. Akapuliza wino. Alipoinua kichwa aliwakuta watu watatu wamemkodolea macho.

"Nini?" alisema. "Nimekosea kuandika?"

Daftari alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mlinzi aliokota kofia yake, akaivaa kinyume, akaivua.

Waliondoka wote watatu kwa ile njia ya dakika kumi na mbili, inayopita kando ya miti michanga na kutokea kwenye matete. Jua lilikuwa limepanda, ndege wadogo wa keremkeremu walikuwa wakicheza juu ya maji. Mjomba alitembea katikati yao, shati limenyooka, upana wake wote ukitumika. Mlinzi upande huu, Daftari upande ule. Ruhusa ya kuongea ilikuwepo, kopo lilikuwa limeshafunguliwa, lakini ndimi zilikuwa zimesahau kazi.

Walipofika nusu, mjomba alisimama ghafla.

"Tangulieni," alisema, akainama chini kwa kuguna. "Nafunga kamba ya kiatu."

Wakatangulia, hatua tano, hatua kumi, wakakaribiana, na mkono mmoja ukautafuta mwingine ukaupata bila darubini. Nyuma yao mjomba alikuwa bado ameinama, anafunga na kufunga, hana haraka, na miguuni alikuwa amevaa ndala.